“Are you convenient?”: dalili, chanzo na tiba ya kivumishi kinachowasumbua wanafunzi Wachina

Saa tatu usiku simu inalia mlio wa WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina. Ujumbe umetoka kwa mwanafunzi wangu, mhasibu wa kiwanda cha vifungo huko Guangzhou, mtu mzima mwenye watoto wawili na adabu zake. Ameandika: “Teacher, are you convenient now?”

Najua anachotaka. Anabisha hodi. Anauliza kama nina nafasi, kama hanisumbui, kama saa hizi zinanifaa. Lakini mwenye Kiingereza chake akiisoma sentensi hiyo bila kumjua aliyeiandika, anaona mtu anaulizwa kama yeye mwenyewe ni kitu cha kurahisisha shughuli, kama duka lililo karibu na nyumbani.

Nimefundisha Kiingereza watu wazima wa China kwa miaka kadhaa, na hakuna kivumishi kilichorudi kwenye madaftari yao mara nyingi kama “convenient”. Naandika kwa ajili ya walimu wenzangu, na kwa yeyote anayesoma au kufanya kazi na Wachina na kuandikiana nao kwa Kiingereza kila siku. Itafute dalili uliyoiona, lakini tafadhali usirukie tiba kabla ya kusoma chanzo. Ukilifuta kosa hili kwa kalamu nyekundu tu, kesho litaota pengine.

Neno lililojificha nyuma ya kosa

Makosa karibu yote yaliyo hapa chini yanatoka kwenye neno moja la Kichina, fāngbiàn (方便). Vitabu vya msamiati vinavyouzwa China huandika “convenient” upande wa kushoto na fāngbiàn upande wa kulia, basi. Mwanafunzi anaikariri jozi hiyo akiamini amepewa mapacha.

Si mapacha. Fāngbiàn ni pana kuliko mwenzake. Usafiri ukiwa mwepesi kupatikana ni fāngbiàn. Serikali ikiwarahisishia wananchi mambo, neno ni hilo hilo, safari hii likiwa kitenzi. Mtu akiwa na nafasi, naye ni fāngbiàn. Tambi za kumwagia maji ya moto na kusubiri dakika chache huitwa fāngbiànmiàn. Na mgeni akiinuka mezani akasema anakwenda fāngbiàn kidogo, usimfuate, anakwenda msalani. (Waingereza nao huandika “public convenience” kwenye choo cha umma, kwa hiyo hapo lugha mbili zimekutana, ila kwenye nomino na si kwenye kivumishi.)

“Convenient” ya Kiingereza ina mipaka. Imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini convenire, chenye maana ya kuja pamoja, kupatana, kufaa. Ndani yake daima kuna pande mbili: kitu upande mmoja, na mtu ambaye kitu hicho kinapatana na haja yake upande wa pili. Kivumishi kinaning'inia kwenye kitu. Mtu ni mnufaika tu, anakuja nyuma na “for”.

Dalili ya kwanza: mtu amekaa mahali pa kitu

“Are you convenient tomorrow?” “I am convenient on Wednesday.” “If you are convenient, please call me.”

Hili ndilo kosa kuu, nami nitakaa hapa kwa muda.

Chukua sentensi ya Kichina: Nǐ míngtiān fāngbiàn ma? Neno kwa neno ni “wewe”, “kesho”, fāngbiàn, kisha kiulizi. Hakuna kitenzi cha “kuwa”, kwa sababu kivumishi cha Kichina hujitegemea kama kitenzi. Tena Kichina kinapenda kuanza na jambo linalozungumziwa, halafu ndipo kiseme habari zake. “Wewe” hapo mwanzoni ni kama kusema “kwa upande wako”. Hakuna Mchina anayesikia kwamba “wewe” ndiye mwenye sifa ya urahisi. Sasa mwanafunzi anahamisha maneno kwenda Kiingereza, anachomeka “are” kwa sababu ameambiwa kivumishi cha Kiingereza hakisimami bila hiyo, na papo hapo “wewe” anageuka kiima. Sifa yote inamwangukia yeye.

Sisi tunaojua Kiswahili tuna bahati, kwa sababu kitenzi “kufaa” kina umbo lile lile la “convenient”. Tazama “Jumatano inanifaa.” Ile i- ni Jumatano, ile -ni- ni mimi. Siku ndiyo inayofaa, mimi ndiye ninayefaiwa. Kwa Kiingereza: “Wednesday is convenient for me.” Geuza sasa, sema “mimi nafaa Jumatano.” Anayekusikia atauliza unafaa kwa kazi gani. Na ukimwambia mtu “wewe hufai”, umemtukana. Mwingereza anaposikia “you are not convenient” hupata mshtuko wa namna hiyo. Mtu akiitwa “convenient” kwa Kiingereza, mara nyingi maana yake ni kwamba anatumiwa, yupo kwa ajili ya kurahisishia wengine mambo. Si sifa ya kumpa mwalimu wako.

Mwanafunzi wako, hata hivyo, hajui Kiswahili, kwa hiyo mfano wa “kufaa” ni wa kukufungua macho wewe mwalimu. Yeye unamtibu hivi. Mwache aandike sentensi yake yenye kosa kwenye karatasi. Mwambie aweke kidole juu ya kiima, yaani neno linaloambatana na “is”, “are” au “am”. Muulize swali moja tu: hicho ulichokigusa ni saa, ni mahali, au ni njia ya kufanya jambo? Nakumbuka yule mhasibu akigusa “you” kwenye karatasi yake, akakaa kimya, halafu akakiinua kidole kama aliyegusa sufuria ya moto. Mwenyewe akaandika juu yake: “Is tomorrow convenient for you?” Sikumwambia kitu.

Sasa tusidanganyane. Kanuni hii wanafunzi wengi wa China tayari wanaijua. Vitabu vyao vya sarufi vinaitaja waziwazi, kwamba “convenient” haimchukui mtu kama kiima, na kwenye maswali ya kuchagua A, B, C au D wanaipata bila taabu. Kisha wanatoka darasani, wanashika simu, wanaandika “are you convenient”. Anayeandika ujumbe saa tatu usiku hachagui jibu. Anatafsiri hodi yake ya kila siku, na hodi ya Kichina ni nǐ fāngbiàn ma. Ndiyo maana kurudia kanuni hakusaidii. Unachotakiwa kumpa ni hodi ya Kiingereza iliyokwisha kukamilika, ambayo hatahitaji kuiunda:

“Is now a good time?” kwa simu na ujumbe.

“When would suit you?” anapomwachia mwenzake achague siku.

“Would Wednesday be convenient for you?” kwa barua za kazini.

Walimu wengi humkimbiza mwanafunzi kwenye “Are you free?” na kumwacha hapo. Sentensi ni sahihi, na kwa marafiki inatosha kabisa. Lakini “free” inauliza tu kama ratiba ina pengo. Fāngbiàn ilikuwa inauliza zaidi ya hapo: sikusumbui? hujabanwa? nikiingia sasa nitakukera? Mwanafunzi wako alifanya kosa lile akijaribu kuwa mstaarabu. Ukimrekebisha kwa kumpa sentensi kavu, umenyoosha sarufi yake na kumpunguzia adabu. Mimi naona huo ni ubadilishanaji mbaya. Ndiyo maana naipenda “Is now a good time?”, kwa kuwa inaubeba ule upole aliokuja nao.

Dalili ya pili: “not convenient” inayoficha jambo

“I am not convenient to tell you the reason.” “My mother's legs are not convenient.” “These days I am not very convenient, can I pay next month?”

Hapa mwalimu asiyejua Kichina hupotea, kwa sababu hizi sentensi tatu zinaonekana kama kosa moja, kumbe zimebeba mambo matatu tofauti. Kichina kinatumia bù fāngbiàn, yaani kukosa fāngbiàn, kama pazia. Bù fāngbiàn shuō ni kwamba siwezi kulisema jambo hilo, au si hapa, au si kwako. Tuǐjiǎo bù fāngbiàn ni miguu yenye matatizo: mtu anatembea kwa taabu. Shǒutóu bù fāngbiàn, ambapo shǒutóu ni kilichopo mkononi, ni kwamba fedha hakuna. Yote ni maneno ya stara. Nasi tunayo ya kwetu: mtu hasemi hana hela, anasema mambo yamebana.

“Inconvenient” ya Kiingereza haiwezi kubeba mzigo huo. Inataja usumbufu mdogo tu, kama lifti iliyoharibika au mkutano uliopangwa wakati wa chakula cha mchana. Mwanafunzi wangu mwingine aliiandikia hoteli moja nje ya China akiomba chumba cha chini, akaeleza kwamba “my mother's legs are not convenient”. Akapewa chumba cha ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti. Yule mama akawa anapandishwa ngazi akiwa ameshikwa mkono, asubuhi na jioni, kwa siku nne. Mwanaye alinisimulia haya huku amekunja uso, na mpaka leo nikiifundisha dalili hii naiona ngazi ile.

Tiba ni kumuuliza mwanafunzi, kwa upole, nini kipo nyuma ya pazia, kisha umpe pazia la Kiingereza linalolingana nacho. Kwa siri: “I'd rather not say.” Kwa miguu: “My mother has trouble walking,” na hapa stara isizidi, maana anayesoma lazima ajue cha kufanya. Kwa fedha: “Money is a bit tight this month.” Hakuna hata moja kati ya hizi yenye neno “convenient”, na hilo lenyewe ni funzo kubwa kwa mwanafunzi aliyezoea kubeba neno moja kila mahali.

Dalili ya tatu: kivumishi kinafanya kazi ya kitenzi

“Mobile phones convenient our life.” Wengine huongeza s kabisa: “It convenients people.”

Chanzo tumekwisha kukiona: fāngbiàn inaweza kuwa kitenzi na kuchukua yambwa. “Convenient” haiwezi. Mwanafunzi aandike “make our lives easier”, na kazi imekwisha.

Lakini kuna mtego wa pili hapa, nao hauhesabiwi kuwa kosa. Wakishakatazwa, wanafunzi hukimbilia “bring great convenience to our life”, ambayo ni tafsiri ya moja kwa moja ya msemo wa Kichina wa kuleta fāngbiàn kwenye maisha. Utaikuta kwenye insha za mtihani wa Kiingereza wa vyuo vikuu vya China, ule wa daraja la nne ulioanza mwaka 1987, na utaikuta hata kwenye barua za kuomba kazi. Sarufi yake haina tatizo. Tatizo ni kwamba haisemi kitu. Urahisi upi? Wa nani? Mwanafunzi akiniletea sentensi hiyo namwambia aifute na aandike jana alifanya nini na simu yake. Mmoja akaandika: “I bought two tomatoes from an old man and paid with my phone.” Nyanya mbili, mzee, na msimbo wa kuskani ulioning'inizwa kwenye mkokoteni wake kwa uzi. Kwa sentensi hiyo moja nimeujua urahisi wenyewe kuliko kwa aya nzima ya “great convenience”.

Dalili ya nne: “for your convenient”

Hii huanzia sikioni. Silabi ya Kimandarini huishia kwa irabu, au n, au ng, na pengine sauti ya r. Haiishii kwa konsonanti mbili zilizobanana. Kwa hiyo t ya “convenient” inakatika, s ya “convenience” inakatika, na maneno mawili yanabaki moja. Mtu akiyasikia kama neno moja, atayaandika kama neno moja. Tena v haimo kwenye Kimandarini, ndiyo maana unasikia “konwinien”.

Wasomeshe kwa jozi, polepole, t na s zikisikika: “a convenient time”, “a convenience store”. Duka la namna hiyo wanalijua vizuri, kwao ni biànlìdiàn, na lipo kila kona ya mji, kwa hiyo nomino inapata picha ya kushikia.

Dalili ya tano: “The traffic here is very convenient”

Jiāotōng ya Kichina ni usafiri, na ni magari yanayopita barabarani pia. Kiingereza kinavitenganisha. “Traffic” ni magari yaliyojaa barabarani, na hayo hayajawahi kuwa “convenient” kwa mtu. Mwanafunzi anayetangaza nyumba yake aseme “It's easy to get here by metro.” Au, kama anataka kulibakiza neno lake, “The flat is convenient for the station,” kwa Kiingereza cha Uingereza, maana yake iko karibu na kituo. Marekani husema “convenient to the station”.

Mfano huo wa Marekani unanilazimisha kusema jambo la kihusishi. Walimu hufundisha kwamba “to” ni kosa daima. Si daima. Ikifuatwa na mtu, tumia “for”: “convenient for me”. Ikifuatwa na mahali, inategemea upande wa bahari uliko. Ikifuatwa na kitenzi, “to” ni lazima: “It's convenient to pay by phone.” Mwanafunzi mwerevu atakuletea mfano kutoka kwenye tangazo la nyumba la Marekani, basi uwe tayari.

Dalili ya sita: mwanafunzi ameshukuru pale alipochomwa

Hii ni ya kusoma na kusikia. Mwanafunzi mmoja alimweleza msimamizi wake mgeni kwamba kompyuta imeharibika siku ile ile ripoti inayotakiwa. Msimamizi akajibu: “How convenient.” Mwanafunzi akaandika, kwa moyo mweupe, “Thank you.”

“Convenient” ina uso wa pili. Jambo likitokea kwa kumfaa mtu kupita kiasi, neno linageuka shutuma: imekuangukia vizuri mno, sikuamini. Dalili za kuitambua ni mbili. Neno linasimama peke yake, au linafuatwa na “that”, kama “It's convenient that you forgot.” Na jambo linalozungumziwa linampa mtu upenyo wa kukwepa kitu. Fāngbiàn haina matumizi haya, kwa hiyo mwanafunzi hana pa kuyaegemeza. Inabidi umfundishe kama neno jipya, na umfundishe kwa sauti, kwa sababu toni ya anayesema ndiyo inayotoboa siri. Lisome kwa furaha, kisha lisome taratibu sauti ikishuka. Wachina wana masikio makali ya kupanda na kushuka kwa sauti, lugha yao yote imejengwa juu ya hilo. Wakishaambiwa wasikilize nini, hawakosi tena.

Sababu hiyo hiyo inanifanya niwaonye dhidi ya “It is convenient that I meet you tomorrow”, ambayo huzaliwa pale mwanafunzi anapojitahidi mno kumkwepa mtu kama kiima. Aandike “It's convenient for me to meet you tomorrow.”

Dalili ya saba: “at your earliest convenience” kwa mtu asiyestahili kuharakishwa

Mwanafunzi anaona “your” na “convenience”, anaamini amempa mwenzake uhuru wote. Anamtumia profesa wake. Neno alilolipuuza ni “earliest”. Msemo huu wa barua rasmi humwambia mtu afanye haraka iwezekanavyo, kwa lugha iliyopigwa pasi. Benki ikikudai huandika hivyo.

Muulize anahitaji jibu lini. Kama kweli hana haraka, aandike “whenever it suits you”. Kama analihitaji kabla ya Ijumaa, aitaje Ijumaa: “Could you possibly send it by Friday?” Profesa atajua siku, na ile “could you possibly” itabeba heshima ambayo mwanafunzi alitaka kuonyesha.